Karatasi ya Boksi Haikumjua Mama Yangu

Mwanamke mmoja alikuja kutoka Ruangwa na picha ya mumewe, akaitupa juu ya meza ya fundi. Nilikuwepo. Nilikuwa nyuma ya pazia nimepiga magoti, nasuuza picha kwenye beseni, nikamsikia akisema, "Fundi, nimekurudishia kivuli chako. Mume wangu umemweka wapi?"

Fundi akaiokota picha, akaitazama kwa mbali, kisha kwa karibu. "Si huyu hapa? Kanzu si yake?"

"Kanzu ni yake. Kwani mimi nimeolewa na kanzu?"

Waliokaa barazani wakacheka. Lakini fundi yule alikuwa mtu wa Lindi mjini, na sikuwahi kumwona akikosa jibu. "Shemeji, bwana wako ni mweusi mno. Siku nyingine mwambie acheke. Tukiona meno tutajua kichwa kiko wapi."

Safari hii walicheka zaidi. Yule mama aliondoka bila kuaga, na picha akaiacha pale pale. Nilipotoka kuanika nyingine niliichukua, nikaipeleka mlangoni penye mwanga. Kanzu ilikuwa imetoka vizuri, siwezi kusema uongo. Mikunjo yote ilionekana, na vifungo, hata uzi wa nakshi ya shingoni ungeweza kuuhesabu. Juu kulikuwa na kofia. Kati ya kofia na kanzu hapakuwa na mtu. Palikuwa na doa.

Nilikasirika siku ile, na sijamaliza.

Hiyo ilikuwa Nachingwea, miaka ile matrekta ya karanga ya Wazungu yalipokwisha kunyamaza, mji ukabaki na barabara pana kuliko watu wake. Fundi alipanga chumba kimoja chenye paa la bati. Mbele alipaka chokaa, nyuma aliziba dirisha kwa magunia ili apate giza la kusafishia picha. Mimi nilikuwa mwanamke kijana, nimeachika mara moja na sina haraka ya mara ya pili. Shule niliiacha darasa la pili. Kazi yangu ilikuwa maji: nayateka, nayabeba kichwani, nasuuza picha zikitoka kwenye dawa, nazibana kwenye kamba zikauke. Watu walidhani mimi ni mfagizi tu. Fundi naye alidhani hivyo. Lakini hakuna mtu katika mji ule aliyeona nyuso nyingi kunizidi mimi, kwa sababu kila uso ulipita mikononi mwangu ungali umelowa. Na nilichokuwa nikikiona wiki baada ya wiki ni watu wetu kutoka kama vivuli vilivyovaa nguo.

Kosa halikuwa la ngozi zetu. Fundi alijifunza kazi Dar es Salaam kwa Mzungu aliyekuwa akipiga picha za harusi za Wazungu wenzake. Alifundishwa namba za nyuso zile, akatuletea sisi vile vile zilivyo, kama mtu anayesonga ugali kwa kipimo cha chai.

Nieleze kidogo, maana siku hizi watu hawayajui haya. Kamera ile ilikuwa na tundu la kupitishia mwanga, na kando yake kishikizo cha kulipanua na kulibana. Namba zake zinakwenda kinyume: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Juu ya kamera inabanwa flashi, sahani ya bati inayong'aa, katikati yake balbu. Ukibonyeza, balbu inawaka kama radi mara moja tu, inaungua, unaitupa. Na kila boksi la balbu lilikuwa na karatasi ndani yake, imeandikwa Kiingereza: ukisimama hatua kadhaa weka namba hii, ukirudi nyuma weka namba ile. Fundi aliibandika karatasi hiyo ukutani kama aya. Aje mweupe, aje mweusi, aje na kanzu, aje na kaniki, namba ni ile ile. Akiwa na shaka anaangalia nguo. Nguo nyeupe ikitoka na mikunjo yake, yeye kazi imekwisha.

Na watu wetu nao, jamani, waliipenda flashi kuliko picha. Walikuja kumulikwa. Mtu anatoka pale macho yana maji, anajisifu njia nzima kwamba radi imempiga na hakukimbia.

Mama yangu alikuwa Chiola, na alikuwa anakwisha. Kifua kilianza wakati wa mvua, tukasema mafua. Ufuta ukavunwa, bado anakohoa, na kanga iliyokuwa ikimzunguka mara moja sasa inamzunguka mara mbili. Hakuniomba dawa. Aliniomba picha.

Alikuwa na nembo. Mistari mitatu kila shavu, imeinuka, na kwenye paji la uso mwingine wa kukatika-katika. Alichanjwa alipokuwa mwali. Bibi mmoja mwenye mkono mwepesi alimchanja, akamjaza masizi kwenye majeraha ili ngozi ipone ikiwa imevimba na nyeusi kuliko nyingine. Mama hakulia. Ukimwuliza habari za ndoa zake, au za watoto aliowazika, anakujibu neno moja. Ukimwuliza habari za siku ile, chakula kinaungua jikoni.

Mimi sikuchanjwa, wala dada zangu. Walimu walishaanza kusema ni ushenzi, na baba akawasikiliza.

"Nikizikwa mimi, na hizi zinazikwa," mama aliniambia, kidole kiko shavuni. "Watoto wenu watanijua kwa nini? Kwa jina? Jina hata mbwa anapewa."

Nikamwambia fundi, akakubali. Alipenda kuombwa.

Mjomba akamleta mama kwenye karia ya baiskeli. Kabla ya kuingia mjini mama alimwambia asimame, akashuka, akanawa uso, akajipaka mafuta ya ufuta aliyoyakamua mwenyewe, mpaka paji la uso likang'aa kama kijiko. Kwetu ndivyo mwanamke anavyokwenda mbele za watu. Uso mkavu ni uso wa mtu asiye na ndugu. Halafu akajifunga kanga mpya, nyeupe, yenye maua madogo mekundu. Hapo tulikosea sisi wenyewe, nasema kweli, lakini fundi ndiye aliyekuwa fundi. Mimi ningejuaje? Yeye alimwona anang'aa, akasema, "Bibi umependeza," akamkalisha.

"Cheka, bibi."

"Nicheke nini? Umesema nini cha kuchekesha?"

Radi ikapiga. Mama hakupepesa. "Ndiyo hiyo tu?" akauliza, akashuka kwenye kiti.

Niliisuuza picha hiyo kwa mikono yangu. Kanga ilitoka, maua yote, hata pindo. Juu ya kanga palikuwa na doa jeusi, na katika doa mabaka meupe matatu, pale flashi ilipogonga mafuta: moja kwenye paji, moja kwenye pua, moja kwenye kidevu. Kama mtu mwenye ugonjwa wa ngozi aliyesimama gizani. Nembo hata moja haikuonekana.

Fundi akaniambia nisijali, ataitengeneza. Alikuwa na penseli za kazi hiyo, na wino, na kijiwembe. Siku ya pili akanipa picha huku anatabasamu. Mwanamke niliyemwona mle alikuwa na nyusi nyembamba, mashavu laini kama yai, na mdomo wa msichana.

"Huyu nani?" nikamwuliza.

"Mama yako. Nimemsafisha. Yale makovu yote nimeyatoa, sasa anapita popote, hata Dar es Salaam."

"Makovu?"

"Si yale ya usoni. Nilijua utafurahi."

"Fundi, mama yako ana pua?"

"Anayo."

"Nikiitoa utafurahi?"

Akabadilika uso. "Dada, usinivunjie heshima kazini kwangu. Ngozi zenu nyie watu wa porini zinakula mwanga. Kamera haina kosa. Karatasi ile pale ukutani, isome."

"Sijui Kiingereza."

"Basi nyamaza."

Nikanyamaza. Mdomo tu. Macho sikuyapa likizo.

Siku moja mzee wa Chinongwe alipigwa picha, na fundi akasahau kishikizo. Alikuwa amepiga mtu mwingine kivulini kabla yake, tundu limepanuliwa, akaliacha hivyo hivyo. Picha ilipotoka kwenye dawa akaitazama, akasonya. "Imeungua." Kweli kanzu ilikuwa imeungua, nyeupe tupu kama unga. Lakini uso wa yule mzee! Makunyanzi yote, ndevu moja moja, na jicho lake la kushoto lenye mtoto wa jicho. Nikaificha isitupwe. Mzee alipokuja nikampa. Akaishika kwa mikono miwili, akasema, "Huyu ndiye mimi," akalirudia neno hilo mara tatu mpaka alipopotea machoni pangu. Nikajua. Fundi alikuwa anapimia nguo. Mwenye kupimia uso analipanua tundu, nguo na ziende zinakokwenda.

Jambo la pili nililiona shambani. Nilikwenda Chiola kumwangalia mama, nikalala, asubuhi jua linachomoza nikasimama kwenye shamba la mihogo. Kila tuta lilionekana kwa kivuli chake, moja baada ya jingine. Nikalima. Saa sita, jua la utosini, nikainua kichwa: shamba limelala kama mkeka, matuta hayaonekani. Nikasimama na jembe langu kama mjinga. Flashi ya fundi inakaa juu ya kamera, inapiga uso moja kwa moja. Inampiga mama yangu jua la saa sita. Nembo ni matuta, zinataka jua la ubavuni.

Nilimweleza fundi. Akawaita watu wa barazani waje wanisikie. "Huyu hapa mwanafunzi wangu wa darasa la pili, amegundua kwamba mwanga unatakiwa ulimwe." Walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa.

Basi mvua ndiyo iliyonisaidia. Mama alizidiwa, nikaenda kukaa naye. Wakati huo huo fundi alikuwa anarudi kutoka Mbwemkuru alikokwenda kupiga picha, amefunga kamera kwenye koti la mpira nyuma ya baiskeli. Mvua ikamkuta Chiola. Akakimbilia nyumba ya kwanza yenye moshi, na nyumba hiyo ilikuwa yetu. Mama, pale mkekani alipolala, akasema apewe uji, apewe na kipande cha samaki kilichokuwa chake yeye. Fundi akala. Mvua haikukatika. Alipomaliza nikaliondoa bakuli, nikarudi nikasimama mbele yake.

"Umekula cha mgonjwa," nikasema. "Sasa mpige picha."

Akamtazama mama, akatazama ule uji umekwisha. Mtu yeyote wa kwetu anajua hapo hakuna pa kutokea. "Balbu zimebaki mbili," akasema.

Ya kwanza alipiga kwa karatasi yake, anaijua kwa moyo. Flashi juu, namba ya boksi. Kisha nikachukua pembe ya kanga nikamfuta mama uso.

"Mbele ya mgeni nikae mkavu?" mama akanigombeza.

"Mafuta ndiyo yaliyokuunguza safari ile, mama. Vumilia."

Nikamgeukia fundi. "Itoe flashi hapo juu. Ina waya, nitaishika mimi."

"Uishike wapi?"

"Huku ubavuni. Na tundu lipanue, shuka namba mbili."

"Karatasi inasema—"

"Hiyo karatasi imemwona mama yangu? Imeiona nyumba hii? Chumba chako kina chokaa, mwanga unagonga ukuta unarudi. Hapa kuta zimekula moshi miaka yote, mwanga ukiingia haurudi. Panua."

"Utaiunguza kanga."

"Kanga zipo dukani."

Hakupanua. Nikakisogeza kishikizo mwenyewe, mbele ya macho yake, kidole hiki hiki. Alishtuka kama nimemshika mkewe. Nikaenda kusimama karibu na kinu, mkono wangu usawa wa sikio la mama, flashi inamtazama shavu. Mama akakaa kitako, mgongo wima, mimi najua ilimgharimu nini. Fundi akabonyeza huku anatazama mvua mlangoni, ili ajulikane kwamba hayumo.

Siku ya pili mvua ilikatika, akaondoka. Nikamfuata Nachingwea, kwa sababu nilijua akisafisha peke yake ataitupa. Tuliingia chumba cha giza pamoja, taa nyekundu juu. Picha ya kwanza ikatoka doa, kama kawaida yake. Ya pili nikaizamisha mimi. Kwanza karatasi ilikuwa tupu. Halafu zikaja nembo. Kabla ya macho, kabla ya mdomo, zilikuja nembo, tatu shavu hili, kila moja na kivuli chake pembeni, na ule wa paji ukafuata, kipande kipande. Uso ukaja nyuma yake kama mtu anayeitwa. Kanga iliungua, maua yote yameliwa. Nilikaa chini sakafuni kwenye maji ya dawa.

Fundi aliinamia beseni akatazama. Hakusema "umepatia." Alisema, "Ianike."

Nikaianika. Nilipoifuata asubuhi, kambani haipo. Ilikuwa nje, kwenye sanduku la kioo pale mbele ya duka alipokuwa akionyesha picha zake nzuri, na watu wamejaa. Wanawake wa kijijini waliokuja sokoni walikuwa wanaonyeshana nembo kwa vidole: tazama hii, tazama hii. Mmoja akauliza nani kapiga.

"Kwani hapa fundi ni nani?" akasema yeye. "Nimehangaika sana kuupata huo mwanga."

Nilikuwa na debe la maji kichwani. "Fundi, naomba picha ya mama."

"Hiyo inaniletea watu. Karatasi za picha zikija na treni nitakuchapia nyingine."

"Zitakuja lini?"

"Zikija."

"Mama hana hiyo 'zikija.' Na mwanga umehangaika nao wewe?"

"Nani alibonyeza?" akauliza kwa sauti ili wote wasikie. "Aliyebonyeza ndiye mpigaji. Wewe ulishika taa. Hata kinara kinashika taa."

Nikalitua debe polepole, maji yasimwagike, maana niliyateka mwenyewe. Nikachukua jiwe alilokuwa akizuilia mlango. Kioo hakikunisumbua. Nilimtoa mama yangu mle ndani, nikapangusa vipande, nikamfunga kwenye kanga.

"Mwizi!" fundi akapiga kelele. "Mkamateni huyo mwizi!"

Hakuna aliyeinuka. Mwanamke mmoja aliyekuwa na tenga la kuku akamwuliza, "Mwizi wa mama yake?"

Sikurudi tena pale, si kwa maji, si kwa kitu kingine. Nilitembea mpaka Chiola bila kusimama. Mkono ulikuwa umekatwa na kioo, nikauona unatoka damu nilipofika mtoni.

Mama alikuwa macho. Nikamwinua, nikamwegemeza kifuani kwangu, nikamshikia picha upande wa mlango.

"Nimekonda," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Hakuna aliyeniambia nimekonda hivi."

Tundu nililolipanua lilitoa nembo, na lilitoa pia mashimo ya mashavu na mifupa ya shingo. Nilitaka uso wake, nikauleta wote. Akainua kidole akagusa nembo kwenye karatasi, kisha akagusa iliyo shavuni mwake, akarudi kwenye karatasi. Alihesabu tatu na tatu. Akakuta zimetimia.

"Ndiye mimi," akasema. "Aliyekonda, lakini ndiye mimi. Wape watoto hii."

Aliishi siku tisa baada ya hapo. Lakini siku hiyo niliyomletea bado alikuwa na nguvu ya kuigeuza picha, akaona nyuma kuna mhuri wa zambarau. Kila picha ya fundi ilipigwa mhuri.

"Na hiki nini?"

"Jina la fundi."

"Yeye ndiye aliyenichanja?"

"Hapana."

"Ndiye aliyenizaa?"

"Hapana, mama."

"Basi jina lake linafanya nini mgongoni kwangu? Likwangue."

Nikachukua kisu cha kumenyea mihogo, nikaanza kukwangua. Wino ulikuwa umeingia ndani, na mimi mkono ulikuwa na hasira kuliko kisu. Karatasi ikatoboka, mwanga ukapenya upande wa pili. Mama akaivuta, akaigeuza, akatazama.

"Umenitoboa bega."

"Ni hasira, mama."

Akanirudishia. "Endelea," akasema. "Uso usiuguse."